Bow Road: Hospitali Iliyofungwa na Sauti ya Majirani Zake

Hospitali ya umma inapofungwa na eneo lake kuwekwa sokoni, ahadi ya kwanza kutolewa ni kwamba wananchi watashirikishwa. Mikutano huitishwa, michoro hubandikwa ukutani, watu huombwa kuandika maoni yao kwenye vikaratasi vya rangi, na msanifu majengo huvisoma kwa uso wa heshima. Miaka michache baadaye majumba yanainuka, na wengi wa waliokuwa mkutanini hawamudu hata kupanga chumba humo. Sisemi kwamba mikutano ile ni hila. Mara nyingi wanaoiitisha wana nia njema, na bustani au njia ya miguu iliyoombwa na wananchi hupatikana kweli. Ninachosema ni kwamba maoni hayana pa kukaa. Mkutano ukivunjika, kinachobaki ni hati ya ardhi na mkataba wa mauzo, na kama sauti ya majirani haikuandikwa humo, hakuna mahakama wala halmashauri itakayoisikia tena. Ushahidi wangu ni eneo moja la mashariki ya London, hospitali ya St Clement's iliyokuwa Bow Road, Mile End. Nimelichagua kwa sababu historia yake ni ndefu, na kwa sababu majirani zake walilielewa jambo hili mapema kuliko wengi.

Jengo lenyewe halikuanza kuwa hospitali. Lilijengwa mwaka 1848 na 1849 kuwa nyumba ya kuwaweka maskini. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imeagiza parokia za Uingereza ziungane, na kila muungano uwe na nyumba ambamo mtu asiye na kitu angepata chakula na malazi kwa masharti: aingie ndani, avae sare, atenganishwe na mwenzi wake na watoto wake, na afanye kazi yoyote atakayopangiwa. Maisha ya humo yalitakiwa yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyeko nje, ili mwenye nguvu zake asithubutu kubisha hodi. Muungano wa parokia za City of London, kile kitovu cha mabenki na wafanyabiashara, uliundwa mwaka 1837 na ulikuwa na shida ya aina yake: fedha tele, nafasi haba. Ukaamua kujenga nje ya mipaka yake na kuwapeleka maskini wake mashariki. Msanifu alikuwa Richard Tress, na gharama ilizidi pauni 55,000, fedha nyingi mno kwa kazi ya namna hiyo. Ukumbi wa kulia chakula ulikuwa na urefu wa futi 100 na upana wa futi 50, nguzo zake zikiwa za marumaru ya Siberia. Palikuwa na mfumo wa kupasha joto jengo zima, na kanisa lenye vioo vya rangi. Inachekesha kidogo kwamba watu walioogopa kuwadekeza maskini kwa kipande cha mkate waliwawekea marumaru ya kutazama wakati wa kula uji. Nadhani nguzo zile hazikuwekwa kwa ajili ya walaji. Ziliwekwa ili miungano mingine izione. Hakuna aliyewauliza watu wa Mile End kama wanataka jirani wa namna ile, na maskini wenyewe ndio kabisa.

Baada ya hapo jengo lilibadilishwa kazi mara kwa mara, na kila mara uamuzi ulitoka mbali. Mwaka 1869 muungano wa City ulichanganywa na wa East London na wa West London, na katika miaka ya 1870 nyumba ya Bow Road ikafanywa hospitali ya maskini wagonjwa. Ilifungwa mwaka 1909, ikafunguliwa tena mwaka 1912 kwa ajili ya wenye maradhi ya kudumu. Mwaka 1930, miungano ya maskini ilipovunjwa, ikawa mali ya Baraza la Kaunti ya London, na mwaka 1936 ikapewa jina la St Clement's. Bomu la vita liliipiga mwaka 1944. Mwaka 1948 ikaingia katika Huduma ya Taifa ya Afya, mwaka 1959 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili peke yao, na mwaka 1968 ikawekwa chini ya The London Hospital. Orodha hii inachosha, nakubali, lakini ndani yake mna jambo ambalo hoja yangu yote inaliegemea. Mabwana walibadilika, dawa zikabadilika, hata namna ya kumtazama mgonjwa ikabadilika, ila ardhi haikutoka mikononi mwa umma kwa zaidi ya miaka 150. Ilinunuliwa na kujengwa kwa kodi, ikaendeshwa kwa kodi, na muda wote huo waliolala humo walikuwa watu wasio na uwezo wa kulipia mahali pengine. Anayesema kwamba kiwanja hiki, hospitali ilipofungwa mwaka 2005, kilikuwa mali tupu iliyosubiri mnunuzi anafuta historia hiyo kwa kalamu moja.

St Clement's haikufungwa peke yake. Mwezi Machi 1961 Enoch Powell, aliyekuwa waziri wa afya, alitangaza kwamba katika miaka 15 vitanda 75,000 vya hospitali za wagonjwa wa akili, yaani nusu ya vyote, huenda visingehitajika tena. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyodhani, lakini kuanzia miaka ya 1980 zile hospitali kubwa zilizoizunguka London zilianza kufungwa moja baada ya nyingine. Ya Colney Hatch, iliyofunguliwa mwaka 1851 na baadaye kuitwa Friern, ilikuwa na jina zito masikioni mwa watu wa London kama Mirembe ilivyo Tanzania au Mathari ilivyo Kenya: kumwambia mtu kwamba atapelekwa huko lilikuwa tusi. Ilifungwa mwaka 1993 na kugeuzwa makazi ya kifahari yaitwayo Princess Park Manor. Claybury, iliyofunguliwa mwaka 1893, ilifungwa mwaka 1997 na kuwa Repton Park, makazi yenye uzio na geti. Kanisa la Claybury, walikoimba wagonjwa kwa karne nzima, lina bwawa la kuogelea la wakazi. Mwanahistoria Barbara Taylor, aliyewahi kulazwa Friern, aliandika kitabu juu ya mwisho wa hospitali hizo, The Last Asylum, kilichotoka mwaka 2014. Mtu hahitaji kuwa mpenzi wa hospitali za kale ili ashtuke. Nyingi zilistahili kufungwa, na wagonjwa wengi walishukuru kutoka. Swali ni nani aliyerithi. Wagonjwa walihamishiwa kwenye vyumba vya kupanga na huduma za mitaani ambazo hazikutosha tangu mwanzo, na ardhi ikawa ya wenye fedha. Katika maeneo hayo kuta zilihifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, tofali kwa tofali, na kazi iliyofanywa ndani ya kuta ikaondoka bila kuacha alama.

Lango la St Clement's lilipofungwa mwaka 2005, wagonjwa wakihamishiwa hospitali ya Mile End iliyo jirani, palikuwa na watu waliokwisha kujiandaa. Tangu mwaka 1996 makanisa, misikiti, shule na vyama vya mashariki ya London vilikuwa na umoja wao, TELCO, ambao baadaye ulikuja kuwa sehemu ya London Citizens. Umoja huo ulijulikana zaidi kwa kampeni ya mshahara wa kujikimu iliyoanza mwaka 2001. Katika mikutano yake lalamiko moja lilirudi tena na tena: vijana waliozaliwa Tower Hamlets, wilaya ya London yenye Mile End, wanahama kwa sababu ya kodi ya nyumba, na pamoja nao wanakwenda walimu wa madrasa na wahudumu wa hospitali. Kwa hiyo walipodai nyumba hawakuishia kudai idadi. Walidai mfumo, yaani amana ya ardhi ya jamii (community land trust, CLT), chombo kisicho cha faida kinachoshika haki juu ya ardhi kwa niaba ya wakazi, na kuzuia nyumba zilizo juu yake zisiuzwe kwa bei ya soko, leo wala baada ya vizazi. Msomaji wa pwani atauona mara moja udugu wake na wakfu: mali hutengwa, asili yake haiuzwi, na manufaa yake yanakwenda kwa walengwa. Amana ya mashariki ya London iliundwa mwaka 2007. Katika uchaguzi wa umeya wa London wa mwaka 2008 wagombea wakubwa waliitwa jukwaani mbele ya halaiki na kuulizwa waziwazi kama wataiunga mkono. Boris Johnson alikubali, akashinda, na mwaka 2012 mpango wa St Clement's ukatangazwa.

Kati ya ahadi na tangazo hilo kuna kipande ambacho wasimulizi wa ushindi hupenda kukiruka. Amana iliomba eneo lote. Ikakosa, na kazi ikaenda kwa kampuni ya ujenzi ya Galliford Try. Amana ikaingizwa kama mshirika, pamoja na shirika la nyumba la Peabody, ambalo limekuwa likijengea maskini wa London tangu mwaka 1862. Kazi ya michoro ilifanywa kwa kuwashirikisha wakazi kweli: walikaa na wasanifu, wakabishana juu ya miti ipi ibaki na lango lipi lifunguliwe, na uso wa jengo la mwaka 1849 ukasalimika. Mwaka 2013, kabla ujenzi haujaanza, uwanja wa hospitali ulifunguliwa kwa tamasha la filamu na sanaa lililoitwa Shuffle, na mwongozaji Danny Boyle, mkazi wa Mile End, akachagua filamu. Watu waliopita nje ya ukuta ule maisha yao yote, wakiwaambia watoto wasiukaribie, waliingia na kukaa kwenye nyasi. Silidharau tamasha lile. Kwa mahali palipoogopwa kiasi kile, kuingia tu kulikuwa jambo kubwa. Lakini kama habari ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Princess Park Manor nayo ina bustani nzuri.

Kilichoitofautisha St Clement's kimo katika kanuni ya bei. Kwa kawaida Uingereza huita nyumba ya bei nafuu ile inayouzwa au kupangishwa chini kidogo ya soko, na soko linapopaa, nafuu hiyo inapaa nalo. Amana iligeuza hesabu. Ilianza na kipato cha kati katika Tower Hamlets, ikakadiria theluthi ya kipato hicho inaweza kulipia mkopo wa nyumba wa kiasi gani, na hapo ndipo bei ikapatikana. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala ikatoka kwa takriban pauni 130,000, kiasi kisichozidi sana theluthi ya bei ambayo soko lingetoza mtaa uleule. Mnunuzi alipaswa kuwa na mizizi katika mtaa na kuwa na shida ya kweli ya makazi. Kisha likaja sharti lenye uzito kuliko yote: akitaka kuhama, anauza kwa kanuni ileile. Mishahara ya mtaa ikiwa imepanda, naye anapata ongezeko. Ikiwa ni bei za nyumba tu zilizopanda, hapati kitu, na anayeingia baada yake anaingia kwa mlango uleule. Wakazi wa kwanza walihamia mwaka 2017. Sharti hilo limo katika mkataba wa kila mmoja wao, kwa hiyo halitegemei kumbukumbu ya diwani wala huruma ya meneja mpya.

Pingamizi la kwanza ni la hesabu, na ni zito. Eneo lote lina nyumba 252. Za amana ni 23. Hata ukijumlisha nyumba za kupanga za Peabody, zote za nafuu hazizidi sana theluthi moja, na zilizobaki ziliuzwa kwa bei ambayo mtoto wa Mile End anaisikia tu. Mtu anaweza kusema kwamba miaka kumi ya mikutano, maandamano na tamasha ilizaa nyumba zinazojaza ngazi moja au mbili za jengo la kawaida, na kwamba amana ilitumika kama pambo la kuulainisha mradi wa kibiashara. Sioni namna ya kukana idadi. Ila pingamizi hili likitazamwa vizuri linaisaidia hoja yangu. Idadi ilikuwa ndogo kwa sababu amana ilikosa ardhi, na haikuikosa kwa uchache wa mikutano. Mahali ambapo wakazi walikuwa na maoni tu, walipata miti na njia za miguu. Mahali ambapo walikuwa na mkataba, walipata nyumba ambazo bei yake haiwezi kutoroka. Uwiano wa 23 kwa 252 ni kipimo cha haki kabisa cha nguvu waliyokuwa nayo siku eneo lilipogawanywa.

Pingamizi la pili linatoka upande wa afya, nami naliona gumu zaidi. Ardhi ya hospitali, wanasema, ni mali ya wagonjwa. Ikiuzwa kwa bei ya juu, fedha zinajenga wodi mpya, na anayeiuza kwa hasara ili majirani wapate nyumba anachukua kwa mgonjwa na kumpa mkazi mwenye bahati. Kama hesabu ingekuwa nyepesi hivyo, ningenyamaza. Lakini kiwanja cha umma huuzwa mara moja, na fedha zake humalizika katika bajeti ya mwaka mmoja au miwili, wakati gharama ya kukosa makazi hurudi kwenye mlango wa hospitali kila mwaka. Kwa wagonjwa wa akili hasa, mtu aliyetolewa wodini bila mahali pa kukaa hurudi wodini, na muuguzi anayesafiri saa mbili kwenda zamu mwishowe huacha kazi. Aidha bei ya juu yenyewe haikutokana na jasho la hospitali. Ilitokana na reli, shule, bustani na majirani waliojazana kando yake kwa karne moja na nusu. David Ricardo, mchumi wa London aliyefafanua mwaka 1817 jinsi pango la ardhi linavyompandia mwenye ardhi bila yeye kuinua kidole, ndiye aliyepewa heshima ya jina la mfuko ulioundwa ili mapato ya ardhi ya eneo hili yarudi kwa wakazi. Kwa jina hilo waanzilishi waliweka hoja yao hadharani.

Wapo pia wanaouliza: jamii ni nani? Mtaa huu una Wabangladeshi, Waingereza wazawa wa mashariki ya London, Wasomali, na wafanyakazi wa mabenki ya Canary Wharf waliofika juzi. Wanaohudhuria mikutano ni wachache wenye muda na ulimi. Ni kweli, na hakuna mfumo unaoliponya jambo hili kabisa. Ila mkutano wa maoni ndio unaoumia zaidi kwa udhaifu huo, kwa kuwa unamsikiliza aliyepo siku ile tu. Kanuni ya bei inamlinda hata yule aliyekuwa zamu usiku, na hata ambaye hajazaliwa. Kuhusu wanaomhurumia mnunuzi aliyefungwa asivune faida ya soko, jibu langu ni fupi: faida hiyo ndiyo aliyoiacha mnunuzi aliyemtangulia ili yeye aingie.

Lakini isidhaniwe kwamba kuandika neno amana kwenye hati kunatosha. Mfumo huu ulianzia Marekani, katika jimbo la Georgia, ambako mwaka 1969 Charles Sherrod na wenzake katika harakati za haki za Wamarekani weusi waliunda New Communities, shamba la takriban ekari 5,700 lililoshikwa kwa pamoja. Ukame ukaja, mikopo ya serikali iliyowafikia majirani weupe ikawa haiwafikii wao, na mwaka 1985 shamba likachukuliwa na wadai. Karibu na kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi walipewa nafasi ya kuchagua wapimiwe ardhi namna gani wakati mtaa wao, uliomea kwenye viwanja vya reli, vya serikali na vya shamba la mkonge, ulipokuwa ukiboreshwa. Wengi wangetarajia kila mtu adai hati yake. Wao walichagua ardhi ibaki ya wote na mtu amiliki nyumba yake, kwa hofu iliyo wazi kwamba hati za mmoja mmoja zingenunuliwa na wenye fedha kabla ya rangi ya kuta kukauka. Sheria ya Kenya ya wakati huo haikuwa na chombo cha namna hiyo, ikabidi waunganishe chama na udhamini ili kupata kinachofanana nacho, na ugumu huo uliwasumbua kwa muda mrefu. Mifano yote miwili inanionyesha kitu kimoja: watu huwa tayari kushikana, na kinachowaangusha ni benki inayokataa kukopesha na sheria isiyowatambua. London ilifanikiwa kidogo kwa sababu mabenki machache yalikubali kukopesha wanunuzi wa nyumba zenye sharti lile, na yalikubali baada ya kubembelezwa sana.

Amana yenyewe, ambayo siku hizi inaitwa London CLT, inaonekana kusoma matokeo ya Bow Road kama ninavyoyasoma. Mradi uliofuata haukuwa wa kuomba sehemu ndani ya eneo la mtu mwingine. Huko Sydenham, kusini ya London, wakazi walizunguka mtaani kutafuta kiwanja, wakakiona kipande cha gereji zilizotelekezwa katikati ya nyumba za halmashauri ya Lewisham, wakakidai, wakakipata. Mwaka 2023 jengo la Citizens House lilikamilika hapo. Lina nyumba 11, chini ya nusu ya zile za St Clement's, na zote 11 zinauzwa kwa kanuni ya kipato.